Aliyetangulia Darajani

Kila asubuhi, kabla mpokezi hajaita mtu wa kwanza, Fundi Ngazi aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akaenda kuketi kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa kiti cha mgonjwa, cha mbao, chenye mto uliofumwa na mkewe miaka mingi nyuma na kufumuliwa kidogo kidogo na vidole vya watu waliokuwa hawajui waiweke wapi mikono yao. Alikaa hapo dakika tatu hivi, magoti pamoja kama mgeni wa mara ya kwanza, akatazama kile ambacho mgonjwa angekitazama: mlango, dirisha, pembe ya meza, kalenda. Kisha aliinuka, akakivuta kiti upande kidogo ili watu wawili wasikabiliane kama askari na mshukiwa, akahamia kwenye kiti chake, akagonga ukuta mara mbili. Mpokezi akisikia, anajua kazi imeanza.

Tabia hiyo ilikuwa na faida yake. Ni kwenye kiti hicho alikogundua, katika mwaka wake wa pili, kwamba saa ya ukutani ilikuwa imetundikwa nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo watu aliodhani wanamtazama usoni kwa makini walikuwa wanahesabu dakika. Aliihamisha siku hiyo hiyo. Mpokezi wa enzi zile, mama mnene mwenye ulimi wa wembe, alimcheka wiki nzima, akawaambia wafagizi kwamba yule muuguzi wa chumba cha mwisho amesomeshwa miezi minane ili arudi kuwafundisha kutundika saa.

Hakuwa daktari, na aliyemwita daktari alimsahihisha. Alikuwa muuguzi. Alianza akiwa na miaka ishirini na mbili, katika wodi ya nyuma ya hospitali kuu, ile yenye mlango wa vyuma na funguo tatu, na kazi yake ilikuwa kushika sahani ya sindano na kuhesabu blanketi. Watu waliletwa wakiwa wamefungwa kamba, wakachomwa, wakalala, wakaamka, wakarudishwa makwao, na baada ya miezi michache wakaletwa tena. Hakuna aliyewauliza kitu zaidi ya jina na umri. Yeye aliwauliza, kwa sababu zamu zilikuwa ndefu na hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Aligundua kwamba wengi walikuwa na habari ndefu na wasikilizaji wachache. Lakini kusikiliza peke yake hakukuwatoa kule. Alisikiliza, wakashukuru, wakabaki vile vile. Jambo hilo lilimuuma kuliko makofi aliyopigwa na wagonjwa wakali.

Kisha ikaja kozi. Mkufunzi wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Siku ya kwanza aliwaambia wauguzi kumi na wawili waliokaa mbele yake kwamba maneno ni dawa kama dawa nyingine, na kwa hiyo yanapaswa kupimwa kama dawa nyingine. Ziko njia za mazungumzo zilizojaribiwa kwa mamia ya watu, wakalinganishwa na wasiopata kitu, ikaonekana zinasaidia. Ziko nyingine tamu masikioni ambazo hazisaidii, na nyingine zinadhuru. Na njia inayomfaa mwenye hofu si ile inayomfaa mwenye huzuni, wala si ile ya mume na mke wasiosemezana. Aliwapa makaratasi yaliyochapwa kwa wino wa zambarau, yenye harufu kama ya spiriti. Fundi Ngazi aliyahifadhi makaratasi hayo hadi wino ukafifia, akawa anajua kwa kichwa yale yaliyokuwa yameandikwa pale palipobaki peupe.

Mkufunzi alikuwa na neno lake moja. Muuguzi akimweleza kwamba mgonjwa wake anaendelea vizuri, alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akasema, "Usiniambie unahisi amepona. Nionyeshe." Ndiyo maana kila aliyepita chumba cha mwisho, kwa miaka thelathini na moja, alijaza dodoso la maswali tisa kabla hajasema lolote, na Fundi Ngazi akaandika alama kwenye kona ya faili kwa penseli iliyochongwa vizuri. Wapo waliokasirika. Fundi saa mmoja aliyefiwa na mkewe alilirudisha dodoso bila kulijaza, akasema yeye hakuja kufanya mtihani.

Fundi saa huyo alikuwa hajafungua duka lake kwa miezi mitano. Alilala, akaamka, akalala. Watu wake walimwambia ajikaze, asali, asafiri, aoe. Fundi Ngazi hakumwambia hata kimoja katika hivyo. Alimwomba aende dukani kesho yake saa tatu, afungue mlango, akae dakika kumi bila kutengeneza kitu, afunge, arudi kulala akitaka. Mzee alimwona mpumbavu. Lakini alikwenda, pengine ili aje amwonyeshe upumbavu wake, na wiki iliyofuata zikawa dakika ishirini, kisha saa moja, kisha mtu akapita na saa iliyosimama. Huzuni, Fundi Ngazi alikuwa akieleza, humwambia mtu angoje hadi apate hamu ndipo aanze. Kumbe hamu huja nyuma ya mikono, ikichechemea. Yule mzee aliishi miaka tisa zaidi, na dodoso alilijaza kila mara huku akilalamika kwamba maswali ni yale yale.

Jina la Fundi Ngazi lilitokana na kazi ya wenye hofu. Kwa kila mmoja wao alichukua karatasi, akachora ngazi yenye vipandio kumi, akamwambia aandike chini kabisa kitu kinachomtia wasiwasi kidogo, na juu kabisa kile asichothubutu hata kukiota. Kisha wakapanda, kimoja kimoja, na hakuna kuruka kipandio, na hakuna kushuka wakati moyo bado unakwenda mbio. Unangoja pale pale hadi mwili wenyewe uchoke kuogopa. Jina lilienea hadi nje ya kliniki, na siku moja bwana mmoja mwenye kofia ya majani alisubiri kwenye benchi saa nzima, akajaza dodoso lote, ndipo akauliza kama anaweza kupata ngazi ya futi kumi na mbili, maana paa lake linavuja. Alama zake, mpokezi alisimulia baadaye, zilionyesha kwamba hakuwa na tatizo lolote isipokuwa paa.

Mkewe alikuwa na lake la kusema kuhusu hayo yote. Wageni walipomsifu mumewe kwamba anajua kusikiliza, aliwajibu kwamba ni kweli, ila wajipange foleni nyuma yake. Fundi Ngazi aliwahi kumfundisha zoezi alilowapa wanandoa, ambapo mmoja anasema na mwingine anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Liliwasaidia mume na mke wenye kiwanda cha kushona sare, waliokuwa wakiandikiana vikaratasi na kuwatuma mafundi wavipeleke kutoka cherehani hadi cherehani. Nyumbani kwake lilidumu jioni moja. Mkewe alisema anataka kabati la vyombo. Yeye akarudia, kwa upole wa kazini, kwamba amesikia anataka kabati la vyombo. "Vizuri," mkewe akasema, "sasa rudia ukiwa unatoka kwenda kwa seremala."

Basi huyo ndiye mtu aliyebakiwa na siku kumi za kazi. Jumapili ya mwisho wangehama, yeye na mkewe, kwenda mji mwingine alikokuwa mtoto wao wa kwanza. Binti yao kitinda mimba, aliyekuwa akifanya kazi maktaba, alichukua likizo aje amsaidie kufunga vitabu na kupanga mafaili ya kumkabidhi atakayekuja. Alikuwa msichana wa maneno machache. Aliketi sakafuni katikati ya masanduku, akafuta vumbi, akafunga kamba, na mgonjwa akiingia alitoka kwenda kukaa kwa mpokezi na kitabu chake. Fundi Ngazi alipenda kuwa naye pale. Alimsimulia mambo ya zamani pasipo kutaja mtu, mambo ya wino wa zambarau na mpokezi mwenye ulimi wa wembe. Binti aliitikia kwa kichwa, wakati mwingine akatabasamu, lakini hakuuliza swali.

Jumatano ya wiki ile akaja Mama Pacha.

Alikuwa fundi wa kufuma, mwenye duka la nyuzi karibu na soko, na miaka kumi na moja nyuma alikuwa mgonjwa wake. Miaka tisa kabla ya hapo, basi alilopanda lilikuwa limekwama katikati ya daraja siku ya mafuriko, maji yakipita juu ya lami, na walikaa mle saa sita na wanawe pacha wakiwa wadogo mapajani mwake. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku hiyo hakuvuka tena mto. Ndugu zake wote walikuwa ng'ambo, na alikosa mazishi ya baba yake kwa sababu ya mita mia tatu za chuma na saruji. Fundi Ngazi alimchorea ngazi yake. Kipandio cha kwanza kilikuwa kutazama picha ya daraja. Cha kumi kilikuwa kulivuka kwa miguu. Walikifikia katika wiki ya kumi na nne, wao wawili, asubuhi yenye jua, na alipokanyaga upande wa pili Mama Pacha alikaa chini barabarani akacheka hadi akalia.

Hakuna faili alilolionea fahari kama hilo. Kila alipoombwa kuwafundisha wauguzi wapya, ndilo alilolitoa, akafunika jina kwa karatasi na kuwaonyesha jinsi alama zilivyoshuka wiki hadi wiki kama mtu anayeteremka kilima bila haraka. Na tangu hapo wakawa marafiki. Mama Pacha akiwa na safari ya ng'ambo, mara mbili au tatu kwa mwaka, alipita kliniki kwanza. Anapita kusalimia tu, alisema. Na Fundi Ngazi, ambaye karibu kila mara alikuwa na barua ya kupeleka zahanati ya upande wa pili au dawa za kuchukua, alivaa koti, wakavuka pamoja wakipiga soga.

Siku hiyo aliingia bila kubisha, mkoba wa nyuzi kwapani. Alikuwa amesikia sokoni habari za kustaafu, akazipuuza kama uzushi, hadi mpokezi alipomthibitishia. Hakuketi. Alitazama masanduku, akatazama rafu tupu.

"Kulwa wangu kule ng'ambo anajifungua wiki ijayo," alisema. "Sasa mimi nitavuka na nani?"

Fundi Ngazi alifungua mdomo kumjibu kwamba anavuka mwenyewe, si amepona miaka kumi na moja iliyopita, lakini badala yake akageukia mafaili. Alivuta faili lake kutoka kwenye rundo la yale ya kufundishia. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa huku mama wa watu amesimama. Alama zilikuwepo, tarehe zilikuwepo, vipandio vyote kumi vimewekewa alama ya vema. Alitafuta mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa amevuka peke yake. Hapakuwepo. Hakuwahi kuandika, kwa sababu halikuwahi kutokea. Sauti ya kukwaruza ya mkufunzi, aliyekwisha kufa zamani, ilimjia wazi kama yuko chumba cha pili.

Alimwomba Mama Pacha akae, akamuuliza kitu ambacho alipaswa kumuuliza zamani. Wakivuka, yeye hutazama nini?

Mama Pacha alijibu bila kufikiri. Anatazama visigino vya Fundi. Yeye Fundi si hutangulia? Basi yeye huja nyuma, macho kwenye visigino, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi lami inapobadilika rangi.

"Mwaka ule uliponunua vile viatu vya kahawia nilipata taabu sana," aliongeza. "Sikukwambia tu. Mimi lile daraja sijawahi kuliona, Fundi. Ukiniuliza lina nguzo ngapi, sijui."

Ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya. Alikuwa ametangulia kwa wema, kumwonyesha njia, na akawa yeye ndiye njia. Hofu ya yule mama haikuwahi kupanda ngazi yoyote. Ilikuwa imekaa upande huu wa mto, miaka kumi na moja, ikimsubiri Fundi Ngazi astaafu. Na wauguzi wangapi amewafundisha kwa faili hilo?

Jioni alimweleza mkewe. Hakutaja jina, ingawa mkewe alijua, kama alivyojua yote. Mkewe aliendelea kukunja mashuka, akasema kwamba yule mfamasia aliyekuwa akirudi dukani kila usiku kukagua kufuli, Fundi alikataa hata kumwambia "ndiyo, umefunga," ili ajifunze kuishi bila kuhakikishiwa. Mtu alimpigia simu akilia na yeye akakataa kusema neno moja. Iweje aweze kumnyima mfamasia neno, ashindwe kumnyima Mama Pacha viatu? Fundi Ngazi alisema hakujua kwamba anampa. Mkewe alisema hilo analiamini, akamkabidhi ncha mbili za shuka.

Kesho yake alichora ngazi mpya. Hii vipandio vyake vilikuwa sita tu, na kitu kilichokuwa kikipungua kila kipandio kilikuwa yeye. Kwanza angetembea nyuma badala ya mbele. Kisha hatua hamsini nyuma. Kisha angesimama ukingoni. Kisha angekaa kwenye kibanda cha gazeti asikoweza kuona. Kisha kliniki, na simu mkononi. Na cha sita, kliniki bila simu, wala salamu, wala ahadi kwamba yuko kwa ajili yake. Mama Pacha aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja kama mtu anayekunja barua ya kufukuzwa kazi.

"Yaani unaniacha," alisema.

Alimjibu kwamba ndiyo, anamwacha, na kwamba amechelewa kufanya hivyo. Mama Pacha alimwambia maneno ambayo mtu hamwambii muuguzi. Alimwambia kumbe urafiki ulikuwa dawa, na dawa sasa imekwisha muda wake. Fundi Ngazi hakujitetea. Alisema urafiki ni urafiki, na ndiyo uliompofusha. Kama angekuwa mgonjwa asiyempenda, angekwisha kumwona.

Walianza mchana huo huo. Alipotembea nyuma yake, Mama Pacha alichukua dakika arobaini kuvuka, mikono yote miwili kwenye vyuma vya kando, akatukana kwa sauti mafundi waliojenga. Ijumaa alivuka mara mbili, na mara ya pili alihesabu nguzo. Jumatatu, hatua hamsini nyuma, alisimama katikati kwa muda mrefu, Fundi Ngazi naye akasimama hamsini zake, na malori yakapita, na hatimaye bega la yule mama likashuka, akaendelea. Wasiwasi wake alikuwa akiuandika mwenyewe kwa namba kwenye kijitabu, kutoka tisini hadi sabini, hadi hamsini na tano. Mtoto wa Kulwa alizaliwa Jumanne alfajiri, wa kike. Sasa ngazi ilikuwa na tarehe: Ijumaa Mama Pacha alitakiwa kwenda kukaa mwezi mzima na mwanawe, na Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya Fundi Ngazi kazini.

Jumatano alisimama ukingoni, kama karatasi ilivyosema. Mama Pacha alikwenda vizuri hadi theluthi ya daraja, halafu akapiga magoti. Alishika chuma, akainamisha kichwa. Kila kitu alichojua Fundi Ngazi kilimwambia abaki alipo. Angojee, mwili uchoke kuogopa, ainuke mwenyewe. Alikuwa amewaambia wenzake mamia ya mara. Kwa mbali aliona mgongo wa yule mama unavyotikisika, na miguu yake ikaanza kukimbia kabla yeye hajaikubalia. Alimfikia, akamshika mkono, akamrudisha ukingoni. Siku ile aliyeshindwa zoezi alikuwa yeye.

Walikaa kwenye ukuta mfupi, wote wawili wanahema. Mzee wa miaka sitini, koti limetoka begani, anajipangusa jasho kwa tai. Mama Pacha alimwangalia kwa muda. Kisha akaanza kucheka, polepole, kicheko cha mtu aliyeona kitu.

"Nilikuwa nataka kuinuka," alisema. "Nilikuwa nimefika themanini, inashuka. Nikasikia viatu." Alimpa kitambaa. "Ndugu yangu, wewe unaogopa kuliko mimi."

Fundi Ngazi alikipokea kitambaa, akajifuta shingo.

"Basi turuke hivi vipandio vyako vilivyobaki. Kibanda cha gazeti hapana, simu hapana. Ijumaa nakwenda saa nne, na wewe kaa kliniki kwako. Usije. Na mimi sitakwambia nimefika, maana nikikwambia itakuwa nimevuka na wewe."

Fundi Ngazi alisema hairuhusiwi kuruka kipandio. Mama Pacha alimjibu kwamba ngazi hii ilikuwa ya wawili, na yeye peke yake ndiye anayejua ni kipi cha nani.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na chai ya kumuaga, na hotuba ya mganga mkuu, na saa ya mezani iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Wafagizi walitaniana naye, wakamwomba awaachie ngazi moja. Saa nne kasoro alirudi chumbani. Hakukuwa na mgonjwa aliyepangwa. Binti yake alikuwa akimalizia sanduku la mwisho, la makaratasi ya zamani. Fundi Ngazi alijaribu kumsaidia, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Alisimama dirishani, ingawa dirisha linatazama uwanja wa kuanikia nguo na ukuta. Alizungumza juu ya mvua. Alizungumza juu ya mkufunzi, jinsi alivyokufa akiwa bado anawaandikia wanafunzi wake wa zamani barua za kuwauliza takwimu. Saa nne na nusu alivaa koti. Binti aliinua macho. Baba yake akavua koti, akalitundika, akaketi kwenye kiti cha karibu bila kuangalia ni kipi.

Alifikiria daraja. Alifikiria upepo unaoanza mtoni saa kama hizo. Alifikiria mwanamke aliyepiga magoti na hakuna viatu vinavyokuja, naye akielewa sasa kwamba havitakuja. Kama amerudi nyumbani, Jumapili wao watakuwa wamehama, na Kulwa atalea mtoto bila mama yake, na faili litabaki na vema kumi za uongo. Saa tano ilipita. Saa sita ikapita. Walikula mikate waliyobeba. Binti alisoma kurasa mbili za kitabu chake, na baba yake aliona kwamba ni kurasa zile zile mbili.

Saa saba na robo mpokezi alichungulia mlangoni. Simu ilikuwa imelia kule mbele, alisema, ametoka kuzungumza na Mama Pacha. Hakumpigia Fundi, alimpigia yeye, tena kamwambia mara tatu kwamba anampigia yeye. Anataka amwambie msichana wa dukani atume nyuzi nyeupe, zile nyembamba, madonge sita, kwa sababu mtoto ana kilo tatu na nusu na kofia zote alizofuma zimekuwa ndogo. Simu ilikuwa ya jirani wa Kulwa, nyuma mtoto alikuwa analia.

"Hakusema lingine?" Fundi Ngazi aliuliza.

Mpokezi alifikiri. Alikuwa amemuuliza juu ya daraja, alisema, maana kliniki nzima ilikuwa inajua. Akamjibu kwamba kulikuwa na upepo. Kisha akarudi kwenye habari za nyuzi, asikosee akatuma zile za rangi ya maziwa.

Mpokezi aliondoka. Fundi Ngazi aliinuka kitini. Kisha alichukua faili la Mama Pacha, akachonga penseli, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho tarehe ya siku hiyo, na mstari mmoja kwamba mgonjwa amevuka peke yake, kwa taarifa ya mtu wa tatu. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa ajili ya atakayekuja, aliandika kosa lake lote, tangu viatu vya kwanza, kwa mistari kumi na miwili, akalirudisha kwenye rundo la mafaili ya kufundishia. Alama ya vema ya kumi aliifuta. Zile tisa aliziacha.

Binti yake alikuwa amesimama, vumbi kwenye magoti, sanduku la mwisho mikononi. Siku zote kumi alikuwa amesikiliza tu. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia kwa mgeni.

"Baba, ulijua atavuka?"

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sikujua."